Oili ya sintetiki kwa difu ya lori: 75W-90, 75W-140, au tubaki na 85W-140?

#1 KichwaSitaKwaNne

Wakuu, habari za jioni. Naomba tuchambue oili ya difu za nyuma (gia za ekseli zinazopeleka nguvu kwenye matairi), na naomba tusiishie kwenye "weka nene mkuu, huku joto".

Gari ni kichwa cha Ulaya, 6x4 (ekseli mbili kati ya tatu zinasukuma), difu mbili za hipoidi (gia ndogo ya pinioni inazungusha gia kubwa ya krauni, huku meno yakiteleza), habu za kawaida zisizo na gia ndani. Lami tupu: Dar, Tunduma, Kasumbalesa na kurudi. Jumla na tela na mzigo ni tani 56, ile ile ya mizani. Kitabu kinaruhusu 80W-90 ya kawaida au 75W-90 sintetiki. Gereji karibu zote zinashikilia 85W-140. Dukani kuna ndoo tatu zilizoandikwa "sintetiki" na bei zake zimeachana mbali sana.

Maswali: unene upi? Sintetiki ina faida gani ya kweli kwa njia hii? Na nikibadili kutoka ya kawaida kuna la kuangalia?

#2 MenoYaKrauni

Mkuu, tuanze na namba, maana hapo ndipo ubishi wa gereji unapozaliwa.

75W-90 si nyepesi kuliko 80W-90 ikishapata moto. Namba ya mwisho, 90, maana yake katika nyuzi 100 mnato, yaani unene wa oili, uko kati ya sentistoki 13.5 na 18.5. Zote mbili zinaingia humo. Ile ya mbele yenye W inahusu baridi tu. Kwa hiyo anayekwambia "75 ni maji" anasoma upande usiohusu difu iliyopata moto. 140 ni kuanzia 24 mpaka 32.5, na katikati kuna 110, ambayo haikuwepo kwenye jedwali la zamani, ndiyo maana ndoo za miaka ya nyuma ziliruka kutoka 90 kwenda 140.

Sasa chukua oili tatu za kawaida sokoni, uzipigie hesabu kwa joto tofauti:

Asubuhi ya Julai pale Makambako, nyuzi 10: 85W-140 ya madini iko kama sentistoki 4,000. 75W-90 ya sintetiki haifiki 600. Hiyo ni karibu mara saba. Gari likiondoka na oili ya 4,000, gia ya krauni inachimba mfereji ndani ya oili na kuzunguka humo, na beringi za pinioni, ambazo zinasubiri oili irushwe na krauni ishuke kwenye njia yake, zinakaa na njaa kwa kilomita za kwanza.

Kwenye nyuzi 100: sintetiki 15.5, 80W-90 ya madini 14.5, 85W-140 kama 27.

Kwenye nyuzi 130: sintetiki 75W-90 inabaki kama 8.4, 80W-90 ya madini inashuka mpaka 7.4, 85W-140 inabaki na 12.4.

Hapo utaona mambo mawili. Sintetiki inaizidi ya madini ya daraja lake kadiri moto unavyopanda, ila haigeuki kuwa 140. Mwenye kazi ya 140 anunue 140, hata kama ni sintetiki, yaani 75W-140.

#3 OiliNeneTu

Hesabu tamu mkuu lakini difu ya tani 56 ikipanda Kitonga inachemka. Umesema mwenyewe 140 inabaki 12.4 na hiyo yenu inabaki 8. Nene inalinda. Mjadala umekwisha.

#4 MenoYaKrauni

Haujaisha, maana umeacha kuuliza joto linatoka wapi.

Hipoidi inapitisha takribani asilimia 95 hadi 97 ya nguvu, iliyobaki inageuka moto. Injini ikipeleka kilowati 300 kwenye propela na difu zikala asilimia 4, hizo ni kilowati 12. Ni kama pasi sita za nguo za kilowati mbili zimewashwa ndani ya ekseli mbili, na lori linatembea mwendo wa mtu wa baiskeli, upepo wa kupoza hakuna. Kupanda ndiko kunakochemsha, na hapo moto mwingi ni wa meno kusuguana, kwa sababu jino la pinioni ya hipoidi linateleza kwa urefu wake juu ya jino la krauni, halibiringiki tu.

Ukitoka kwenye mlima, ukakamata Mafinga kwenda Makambako kwa 80, moto mwingi unatoka kwenye kuvuruga oili. Hapo nene inajichemsha yenyewe. Lori la lami linamaliza saa nyingi zaidi kwenye mwendo huo kuliko mlimani. Kwa hiyo na 140 difu inaishi na joto la juu safari nzima ili iwe na unene wa ziada kwa dakika chache za mlima. Na kila nyuzi 10 zikiongezeka, kasi ya oili kuoza inakaribia mara mbili.

Kanuni ninayoifuata: mwendo mdogo na mzigo mzito muda mwingi, kama lobedi (tela la chini la mizigo mizito), tipa au lori la magogo, tumia 140. Lami, mwendo wa 60 hadi 80, mzigo halali, tumia 90 ya sintetiki. Ukizidisha mzigo mara kwa mara, wewe si wa lami tena, hamia 75W-140, kama kitabu kinairuhusu.

Jambo moja watu hawalitazami: kushuka. Ukishuka na retarda au eksozi breki (vya kupunguza mwendo bila breki za matairi), krauni ndiyo inayosukuma pinioni, na meno yanabeba mzigo kwa upande wa nyuma. Jaribio la L-42, mojawapo ya manne ya GL-5 (kiwango cha taasisi ya mafuta ya Marekani, API, kwa oili za hipoidi), linapiga difu kwa mishtuko kisha wanakagua mikwaruzo upande huo huo. Kwa hiyo mteremko wa Kitonga nao unaidai oili, tena kwa upande ambao fundi akifungua kifuniko hautazami.

#5 MsomaLebo

Niingie kwenye zile ndoo tatu.

Neno "sintetiki" kwenye ndoo halikuambii ndani kuna nini. Katika masoko mengi oili ya kundi la tatu, ambayo ni ya madini iliyosafishwa kwa haidrojeni kwa nguvu sana, inaruhusiwa kuitwa sintetiki. Ujerumani wamebana zaidi, neno "sintetiki kamili" wanaliachia PAO na esta, yaani oili zilizoundwa kwa kemia kiwandani. Sisemi kundi la tatu ni baya. Nasema usilipe bei ya PAO ukabeba la tatu.

Usisome mbele ya ndoo. Omba karatasi ya data, muuzaji wa kweli anaituma kwa simu dakika moja. Tazama:

Faharisi ya mnato, yaani jinsi unene unavyostahimili mabadiliko ya joto. Ya madini huwa 95 hadi 105. PAO ya 75W-90 mara nyingi inaanzia 140 na kuendelea.

Nyuzi ambazo oili inaacha kutiririka. PAO nyingi ni hasi 45 au chini zaidi. Ukikuta "sintetiki 75W-90" inaganda kwa hasi 27, hiyo ni 80W-90 iliyovaa kanzu ya sherehe.

Mnato baada ya jaribio la KRL la saa 20, ambapo beringi ya rola inaisaga oili. Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Kuna oili inapata namba kubwa kwa kutiwa polima ndefu, na meno ya difu yanazikata kama mkasi. Umenunua 140, baada ya kilomita elfu kadhaa unatembea na 110 au 90. Karatasi isiyotaja kabisa mnato baada ya kukatwa, mimi naiweka pembeni.

Halafu viwango. GL-5 ndiyo chini kabisa kwa hipoidi, GL-4 isisogee hapo. Juu ya GL-5 tafuta SAE J2360, maana hiyo inadai GL-5, MT-1 (kiwango cha gia boksi za mkono za magari mazito zisizo na sinkronaiza) na majaribio ya barabarani, na oili iliyopita inaingia kwenye orodha yenye namba ya idhini. Kisha idhini ya mtengenezaji wa gari: Scania wana STO 1:0 na STO 2:0 A, Mercedes 235.8, MAN 342, Volvo 97312. Tofautisha "imeidhinishwa" na "inafaa pale panapotakiwa kiwango fulani". La kwanza ni barua ya mtengenezaji wa lori. La pili ni kauli ya muuza oili.

Alama mbili za kukutia shaka. Ndoo inayojisifu GL-6: kiwango hicho kimeshaachwa, mitambo ya kukipimia haipo. Na ndoo ya oili ya gia yenye ile duara ya API kama ya oili ya injini: API hawatoi leseni ya duara hiyo kwa oili za gia. Aliyeichapa ama hajui ama anajua sana.

#6 KokotoPwani

Ndugu zangu, salamu kutoka Mombasa. Hiyo ni ya lami. Sisi wa tipa za Kichina, difu ya kati na zile habu zenye gia, kokoto na mchanga, matope wakati wa masika. Kibati cha ekseli kinasema 85W-90 GL-5. Sintetiki inalipa?

#7 MzeeWaJeki

Kwa kazi hiyo, mara nyingi hailipi, na sababu si joto.

Sintetiki unailipia ikae muda mrefu bila kuoza. Oili ya tipa ya machimbo haifi kwa kuoza, inakufa kwa maji, vumbi na chuma. Difu imechemka, lori linaingia kwenye dimbwi, hewa ya ndani inapoa ghafla na kunywea, inavuta maji kupitia kipumulio (kitundu cha difu kupumulia) na kwenye midomo ya sili. Ukifungua unakuta chai ya maziwa. Hapo hata ingekuwa oili ya bei gani inamwagwa siku hiyo hiyo. Bora 85W-90 au 85W-140 nzuri yenye J2360, ukaibadili mapema, na pesa iliyobaki ikanunua sili na mpira wa kurefusha kipumulio mpaka juu kwenye chesisi.

Habu zenye gia zina mambo yake. Kwenye ekseli nyingi za namna hiyo habu ina oili yake na plagi yake. Zungusha tairi plagi iwe chini kabisa, mwaga. Zungusha tena mpaka plagi ifike usawa wa katikati, kama mshale wa saa tatu au saa tisa (nyingine zina mstari au mshale uliochorwa kwenye kifuniko, fuata huo), jaza mpaka imwagike yenyewe. Watu wanajaza plagi ikiwa juu, habu inajaa pomoni, oili inatafuta pa kutokea na inatokea kwenye lainingi za breki. Na kuna ekseli ambazo oili inatembea kati ya habu na difu kupitia bomba la ekseli, kwa hiyo baada ya kujaza endesha kilomita chache, simamisha sehemu tambarare dakika kumi na tano, pima tena kote.

#8 KichwaSitaKwaNne

Shukrani wazee. MzeeWaJeki, tuwekee na utaratibu wa kubadili kwa hizi za kawaida. Kuna mafundi wanaosha na dizeli kwanza.

#9 MzeeWaJeki

Dizeli usiiruhusu. Inabaki kwenye vikombe vya beringi na kwenye mabomba ya ekseli, haitoki yote, na glasi mbili za dizeli ndani ya oili mpya zinaishusha daraja kabla hujatoka getini. Mafuta ya taa vile vile. Kama difu ina uchafu wa kutisha, weka oili ya bei nafuu ya GL-5, endesha safari moja fupi, mwaga ikiwa moto. Ndio usafi huo.

Utaratibu:

Gari litoke barabarani, oili iwe ya moto lakini si ya kuunguza. Lisimame tambarare, si kwenye mteremko wa yadi. Weka kabari kwenye matairi.

Fungua plagi ya kujazia KWANZA. Nimeweka herufi kubwa makusudi. Ukimwaga kwanza halafu plagi ya juu ikagoma au pembe zake zikafutika, una lori lisilo na oili na jioni inaingia. Usichanganye na kitundu kidogo kilicho chini ya plagi ya kujazia kwenye baadhi ya ekseli, hicho ni cha kipima joto, ukipimia hapo utakuwa umepungukiwa oili.

Safisha kipumulio kabla hujamwaga. Kitoe, kipulize na mdomo au hewa, kinatakiwa kucheza. Kikiziba, presha inapanda na njia rahisi ya kutoka ni sili za habu. Badili kikiwa na kutu, hakina gharama.

Mwaga kwenye chombo safi chenye alama za lita, upime kilichotoka. Acha idondoke dakika ishirini, si tano. Kwenye 6x4 difu ya kati inachukua zaidi ya ile ya nyuma kwa sababu ya kile kisanduku cha kugawa nguvu mbele yake, na mara nyingi kina plagi yake ya kumwagia. Fundi asiyeijua anaacha oili ya zamani humo miaka yote.

Sumaku ya plagi: ipanguse kwenye karatasi nyeupe uisugue kwa kidole. Uji mweusi laini kama masizi ya sufuria ni kawaida. Vikikuchoma kama sindano, kuna gia inamenyeka. Vipande vyenye upande wa kung'aa kama kigae ni jino au rola ya beringi, usijaze, fungua difu.

Washa za plagi (pete za kuzuia uvujaji) weka mpya, za shaba au alumini kama zilivyokuwa.

Jaza mpaka oili ifike sawasawa na mdomo wa chini wa tundu, ianze kuchuruzika. "Naigusa kwa kidole" haitoshi. Kwenye ekseli kubwa, inchi moja chini ya tundu ni upungufu wa kama lita moja. Subiri dakika kumi, ongeza. Kwa makadirio ya ununuzi, malori ya tani tatu hadi tano yanakula lita 4 hadi 6, ekseli za vichwa vikubwa lita 12 hadi 20 kila moja kutegemea aina. Kitabu na tundu ndivyo vinavyoamua, makadirio ni ya kununulia ndoo tu.

Kitu kinachoua habu nyingi: kama ulifungua habu ukabadili beringi au sili, oili ya difu haijafika huko bado. Inua upande mmoja wa ekseli sentimita 15 au zaidi, subiri dakika moja nzima, shusha, inua upande wa pili, dakika moja. Oili inatembea kwenye bomba mpaka kwenye habu. Kisha rudisha kipimo kwenye tundu, utashangaa itaingia kama lita nyingine. Asiyefanya hivyo anatoka na beringi kavu na habu inaungua ndani ya kilomita chache, halafu lawama anaibeba muuza beringi.

#10 SiliMpya

Swali kwa waliohamia sintetiki: baada ya wiki mbili pinioni inavuja. Kabla haikuwa inavuja. Je, sintetiki inakula sili?

#11 MenoYaKrauni

Haili. PAO peke yake inanyausha kidogo mpira wa nitrili, ndiyo maana watengenezaji wanaichanganya na esta inayouvimbisha, vinasawazishana. Oili yenye idhini imeshapimwa hilo.

Kinachotokea kwenye lori kuukuu: sili ya nitrili iliyokaa miaka kwenye nyuzi mia imekuwa ngumu kama plastiki, na mdomo wake umezibwa na gundi nyeusi ya oili iliyooza. Oili mpya inaiyeyusha ile gundi taratibu. Uvujaji ulikuwepo, ulikuwa na kizibo.

Kabla ya kununua sili, fungua flanji ya propela, pitisha ukucha pale sili inapokaa. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya itavuja hata iwe ya dhahabu. Weka pete nyembamba ya kuvishia flanji au badili flanji. Sili chukua ya Viton, inavumilia joto kuliko nitrili. Na nati ya pinioni usiikaze kwa kukisia na bomba refu: kwenye difu zenye spesa ya kupondeka, ukipitiliza umeharibu mkazo wa beringi na itabidi spesa mpya. Weka alama ya nati na shafti kabla ya kulegeza kama njia ya kujihami, ila kipimo cha kitabu ndicho cha kweli.

Na angalia kipumulio. Nimechoka kukitaja lakini nitakitaja.

#12 OiliNeneTu

Nakubali kidogo. Lakini hapa kuna mtu ameniambia sintetiki kwenye difu inapunguza dizeli asilimia 5. Hilo nalo mnalitetea?

#13 MsomaLebo

Hapana. Rudi kwenye hesabu ya #4: difu nzima inapoteza asilimia 3 hadi 5. Ili oili ipunguze dizeli kwa 5, difu ingebidi isipoteze kitu kabisa. Utapata sehemu ya hiyo hasara, inayoonekana zaidi asubuhi ya baridi na lori likiwa tupu. Lipo, lakini usilipigie bajeti ya mkopo.

#14 MlinganishaTairi

Kabla hamjamaliza ndoo, pimeni matairi. Kwenye 6x4 difu ya kugawa nguvu kati ya ekseli mbili imetengenezwa kufanya kazi kidogo kidogo kwenye kona. Ukifunga 315/80 mpya zenye kashata (kina cha mifereji ya tairi) milimita 16 ekseli ya kati, na nyuma zimebaki milimita 5, tofauti ya nusu kipenyo ni milimita 11, kama asilimia 2. Maana yake zile gia ndogo zinazunguka bila kupumzika kutoka Kurasini mpaka mpakani. Moto wa hapo haupozwi na lebo yoyote. Lenga tofauti isizidi milimita 3 ya nusu kipenyo, au milimita 20 ukizungushia futi ya kamba tairi likiwa na upepo sawa.

Dalili yake: nunua kile kipima joto cha kulenga. Ukishuka baada ya saa mbili za barabara, lenga chini ya kasha karibu na plagi ya kumwagia, pima difu zote mbili sehemu ile ile. Tofauti ndogo ni kawaida, ya kati huwa na moto zaidi. Ikipita nyuzi 20, tafuta sababu: tairi, kipimo cha oili, au beringi.

Na dereva afundishwe loki, ile ya kufunga difu ili matairi yazunguke pamoja. Lori likikwama, tairi moja likizunguka hovyo bila loki, gia ndogo za ndani zinakimbia kasi ambayo oili inarushwa mbali nazo, msalaba wake unaungua kwa sekunde, si kwa saa. Loki iwekwe lori likiwa limesimama au linatambaa, kamwe tairi likiwa tayari linazunguka. Ikishavuka tope itolewe.

#15 KokotoPwani

Na feki? Huku wanajaza upya ndoo za kampuni kubwa, zinakuwa na kifuniko na kila kitu.

#16 MsomaLebo

Rangi isikudanganye, inatiwa. Harufu ya kiberiti ya GL-5 nayo inaigwa kwa kutia dawa kidogo. Njia ya mtaani inayosaidia ni friza.

Chukua chupa tatu ndogo za kioo zinazofanana. Ya kwanza "75W-90 sintetiki" unayoishuku, ya pili 80W-90 ya madini unayoiamini, ya tatu 85W-140. Jaza nusu, ziweke kwenye friza la samaki lenye hasi 18 usiku kucha. Asubuhi zilaze zote tatu kwa pamoja mezani uhesabu. 75W-90 ya kweli inaanza kutambaa mara moja kama asali ya mchana. 80W-90 inajivuta. 85W-140 inakaa kama mafuta ya mgando, unaweza kugeuza chupa na uso wa oili ukabaki wima kwa muda. Kama "sintetiki" yako inafanana na ya pili au ya tatu, rudisha ndoo.

Jaribio hili linakamata unene na aina ya oili, halipimi dawa za kulinda meno. Dawa zinapimwa maabara: omba fosforasi na salfa, linganisha na sampuli ya ndoo uliyoiamini ya oili ile ile.

Ukishamaliza ndoo, itoboe. Ndoo nzima uliyoiacha gereji itarudi sokoni.

#17 KichwaSitaKwaNne

Nimeelewa unene. Sasa kilomita. Kuna karatasi inasema 400,000.

#18 MenoYaKrauni

Hiyo 400,000 ni ya baadhi ya watengenezaji kwa lami nzuri, mzigo halali, ekseli isiyovuja na oili yenye idhini. Njia yako ina milima, vumbi la michepuko na mzigo kamili kwenda na kurudi. Kwa madini mimi ningetoa kila 50,000. Kwa sintetiki ningeanza na 120,000, huku nikichukua sampuli kila 40,000 kwa bomba la kunyonya kutoka katikati ya oili ikiwa ya moto, si kutoka plagi ya chini. Maabara itakupa chuma, silika, maji na mnato. Soma mwenendo: chuma ikipanda polepole pamoja na kilomita ni uchakavu, ikiruka ghafla ni ajali inayokuja. Silika ikipanda pamoja na chuma, vumbi linaingia, anza na kipumulio na sili. Mnato ukishuka, kuna iliyokatwa au kuchanganywa. Ukipanda, imeoza.

Difu iliyofanyiwa matengenezo, krauni na pinioni mpya, mwaga ya kwanza mapema, kama kilomita 5,000. Ile chuma ya meno kuzoeana isizunguke kwenye beringi mpya. Weka ya madini kwa mzunguko huo, sintetiki iingie baadaye.

Kuchanganya: PAO na madini zinakubaliana, ukipungukiwa njiani ongeza GL-5 yoyote ya unene huo huo, ila hesabu kilomita zako kama za madini kuanzia hapo. Isiyokubali ni PAG, oili ya sintetiki ya gia za viwandani. Wapo wanaoitoa kiwandani na kuiuza kama "sintetiki ya gia". Ikikutana na oili yako inatengana na kufanya gundi.

#19 SiliMpya

Dawa ya LSD (difu inayozuia tairi moja kuzunguka hovyo) inahitajika? Kuna fundi anasema kila difu iongezewe.

#20 MzeeWaJeki

Dawa hiyo ni ya difu zenye sahani za msuguano, utazikuta kwenye pikapu na magari madogo. Lori lako lina loki ya meno inayosukumwa na hewa, haina sahani. Hiyo dawa inapunguza nguvu ya oili bila kazi. Weka chupa chini.

#21 KichwaSitaKwaNne

La mwisho wakuu: ndoo ikibaki lita nane, naweza kuitia gia boksi?

#22 MsomaLebo

Fungua kitabu cha gia boksi, si cha difu. Salfa ya GL-5 inaweza kula pete za shaba za sinkronaiza (zinazolinganisha mwendo wa gia) zikichemka, na gia boksi nyingi za Ulaya zinataka 75W-80 iliyo kwenye orodha ya ZF, watengenezaji wa gia boksi, au ya mtengenezaji wa gari. Zipo chache zinazokubali oili moja kote, na zimeandikwa wazi. Kama haijaandikwa, funga ndoo vizuri, iandike tarehe kwa rangi, iweke kivulini chini ya paa ili maji ya mvua yasikae juu ya kifuniko na kuingia. Hizo lita nane ndizo za kuongezea Tunduma.